Sikio la Mbwa Ni Ngozi: Kwa Nini Mwasho Hurudi Kila Dawa Inapoisha

Mbwa anatikisa kichwa, anakuna sikio mpaka analia, na ukisogea karibu unasikia harufu. Anapewa dawa ya matone, siku kumi anatulia. Wiki tatu baadaye mambo ni yaleyale. Inanunuliwa chupa ya pili, kisha ya tatu, na mwenye mbwa anaanza kusema dawa za siku hizi hazifai kitu. Mara nyingi dawa haina kosa. Ilitumwa kuua bakteria na fangasi, ikawaua. Kilichowakaribisha hakikuguswa.

Mfereji wa sikio la mbwa umefunikwa na ngozi, yenye vinyweleo, tezi za mafuta na tezi za nta kama ngozi nyingine. Aleji inapoivimbisha ngozi ya tumbo na nyayo, ile ya sikioni nayo huvimba. Joto linapanda, nta inaongezeka, unyevu unakwama, na vijidudu vilivyokaa humo siku zote kwa uchache vinapata shamba lenye rutuba. Kuna mbwa wenye aleji ambao hawana dalili nyingine yoyote ya wazi zaidi ya masikio. Kwa hiyo mbwa mwenye masikio mawili yanayosumbua mara kwa mara, ulizia kwanza habari za ngozi yake. Sikio moja peke yake ni kesi tofauti: huenda imeingia mbegu ya nyasi, au kuna kinyama kimeota ndani.

Kibaba cha mwasho

Haba na haba hujaza kibaba, na mwasho wa mbwa hujazwa hivyohivyo. Mbwa mwenye aleji ndogo ya vumbi anaweza kuishi miezi bila kujikuna. Akiumwa na viroboto wachache, kibaba kinakaribia ukingo. Fangasi wakizaliana kwapani, kinamwagika, na ndipo unapomwona anajikuna usiku kucha. Aliyeona mwisho wa mkasa atasema fangasi ndio tatizo, na hatakosea sana, ila atakuwa ametaja theluthi tu ya habari.

Jambo hili lina faida yake. Si lazima kuondoa kila kisababishi; ukipunguza viwili vitatu, mbwa anaweza kutulia hata kama aleji yenyewe ipo palepale. Lina na mtego wake: dawa nzuri ya aleji inaonekana haifanyi kazi kwa sababu mbwa bado ana maambukizi ya ngozi, kisha inatupwa bila kupewa nafasi. Ndiyo maana mpangilio una maana kuliko jina la dawa. Wadudu kwanza, kisha maambukizi, kisha chakula, na mwisho aleji ya mazingira. Hii ya mwisho haina kipimo kinachoithibitisha. Hufikiwa baada ya zile nyingine kuondolewa mezani.

Anajikuna wapi?

Kabla ya kununua chochote, mtazame mbwa kwa siku mbili tatu na uandike. Aleji ya viroboto hukaa nyuma: mgongo wa chini, shina la mkia, nyuma ya mapaja. Upele unaosababishwa na Sarcoptes, aina ya utitiri (vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho), hupenda kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na chini ya kifua, na mwasho wake ni mkali kupita kiasi. Aleji ya mazingira na aleji ya chakula hushika nyayo, midomo, kuzunguka macho, kwapa, kinena, tumbo na masikio. Hizi mbili hazitofautishwi kwa macho, hata kwa daktari mzoefu.

Nyayo zinahitaji neno la ziada. Watu wengi huona kulamba nyayo ni tabia tu, au ni mbwa anayejisafisha. Akifanya hivyo kila jioni kwa dakika kadhaa, huko ni kujikuna kwa ulimi. Manyoya meupe yaliyogeuka rangi ya kutu katikati ya vidole ni ushahidi: mate yana rangi inayobaki kwenye nywele.

Umri nao unasaidia. Aleji ya mazingira kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 anayejikuna, fikiria wadudu kabla ya yote. Mbwa aliyefika miaka 8 bila shida ndipo akaanza kuwashwa ghafla, tafuta sababu nyingine kwanza.

Wadudu, hata kama huwaoni

Mbwa mwenye aleji ya viroboto haathiriwi na wingi wa viroboto bali na mate yao, na akiumwa mara chache tu anaweza kuwashwa kwa siku kadhaa. Kwa kuwa anajing'ata na kujilamba, huwameza, na wewe unayempekua huoni kitu. Chana mgongo wa chini kwa kitana chenye meno ya karibu sana, kung'uta uchafu mweusi kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Uchafu ukitoa wekundu wa kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyokwisha kusagwa. Ukibaki mweusi, ni udongo.

Viroboto wazima walioko juu ya mbwa ni takriban asilimia 5 tu ya jamii nzima. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na walio ndani ya vifukofuko, wote wakiwa kwenye matandiko, nyufa za sakafu na chini ya viti. Walio ndani ya vifukofuko hawafikiwi na dawa nyingi na wanaweza kusubiri wiki au miezi kabla ya kutoka. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa: wiki ya tatu baada ya dawa wanaona viroboto wapya na kudhani wameuziwa maji. Hao ni wale waliokuwa wamefungiwa. Dawa iendelee kwa miezi 3 bila kuruka, kwa kila mbwa na paka wa nyumba hiyo, na matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi.

Makosa mawili huharibu kazi. Dawa ya kudondosha mgongoni husambaa kupitia mafuta ya ngozi, na mbwa aliyeogeshwa jana hana mafuta ya kutosha. Acha siku 2 kabla na siku 2 baada ya kuogesha, isipokuwa maelezo ya dawa yanasema vingine. Kosa la pili ni hatari zaidi: dawa za mbwa zenye permethrini huua paka. Usimpake paka, na mbwa aliyepakwa asilale na paka mpaka dawa ikauke kabisa.

Kuhusu utitiri wa upele, kuna jaribio dogo la kufanya nyumbani. Shika ncha ya sikio, ikunje, uisugue juu ya ngozi yake yenyewe kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, shaka inaongezeka. Daktari akikwangua ngozi na asione mdudu, usijipe moyo mapema, maana utitiri huu huwa wachache na hukosekana kwenye sampuli mara nyingi. Ikiwa dalili zinafanana, wengi hutibu bila kungoja uthibitisho. Watu wa nyumbani wakitokwa na vipele vidogo vyekundu mikononi au tumboni, hiyo ni dalili nyingine. Kwa kawaida huisha mbwa akishatibiwa.

Vidonge vya kundi la isoksazolini, kama afoksolaneri, fluralaneri, sarolaneri na lotilaneri, huua viroboto, kupe na utitiri wa upele kwa pamoja, ndiyo maana vimekuwa chaguo la kwanza kwa madaktari wengi. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kundi hili linaweza kuleta mitetemo au degedege kwa baadhi ya mbwa. Mbwa aliyewahi kupata kifafa, mwambie daktari kabla.

Ivermektini ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe si dawa ya kukadiria kwa macho. Mkusanyiko wake ni mkubwa mno kwa mwili wa mbwa, na mbwa wa jamii ya Collie pamoja na wenye damu yao wanaweza kuwa na hitilafu katika jeni ya ABCB1 inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Matokeo yake ni kupepesuka, upofu, kuzimia, hata kifo.

Kuna utitiri mwingine, Demodex, unaoishi ndani ya vinyweleo. Mwanzoni hauwashi sana. Unaacha mabaka yasiyo na nywele. Unatajwa hapa kwa sababu moja: steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe kama prednisoloni, huuchochea. Ngozi yenye mabaka ikwanguliwe na kutazamwa kabla ya mtu kuandika prednisoloni.

Harufu na utelezi

Ngozi iliyovimba hupoteza ulinzi wake, na wakazi wawili huongezeka: bakteria Staphylococcus pseudintermedius na fangasi wa jamii ya hamira, Malassezia pachydermatis. Bakteria huacha vipele vyenye usaha, kisha miduara yenye magamba pembeni. Malassezia huacha ngozi yenye mafuta, harufu nzito kama ya kitu kilichovunda, na ikikaa muda mrefu ngozi inakuwa nyeusi na nene kama ya tembo. Daktari hubandika utepe wa gundi juu ya ngozi, anauchovya kwenye rangi na kuutazama chini ya hadubini. Ni kipimo cha dakika chache, na bila hicho kila tiba ni kubahatisha. Vidonge vya antibayotiki vilivyotolewa bila kuangalia huwafunza bakteria usugu, na bakteria huyu ameshajifunza mengi.

Maambukizi ya juujuu mara nyingi hutibika kwa kuogesha tu, ikiwa kuogesha kwenyewe kunafanywa sawasawa. Tafuta shampuu yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4. Penye Malassezia, ile yenye klorheksidini asilimia 2 pamoja na mikonazoli asilimia 2 inafaa. Lowesha mbwa kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo sana, kwani maji ya moto huongeza mwasho. Kama ana uchafu, osha kwanza kwa shampuu ya kawaida ya mbwa, suuza, halafu ndipo dawa. Anza na sehemu mbaya zaidi ili zipate muda mrefu: nyayo, kwapa, kinena. Kisha hesabu dakika 10 kwa saa. Watu husugua dakika mbili na kusuuza. Shampuu ya dawa iliyokaa dakika mbili ni sabuni ghali tu. Suuza mpaka maji yawe safi kabisa, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Mara 2 kwa wiki kwa wiki 3 hadi 4, baadaye mara 1 kwa wiki.

Sabuni ya watu iache. Ngozi ya binadamu ina asidi zaidi kuliko ya mbwa, na bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili yake humkausha mbwa. Mafuta ya mti wa chai, ambayo husifiwa sana, ni sumu kwa mbwa akiyalamba. Oli chafu ya injini, ambayo bado kuna wanaoipaka, huunguza ngozi na hudhuru viungo vya ndani.

Chakula: jaribio moja, wiki 8

Aleji ya chakula haipimwi kwa damu, mate wala nywele. Vipimo hivyo vinauzwa na vinaleta majibu yaliyochapwa vizuri, lakini majibu hayaaminiki. Mbwa asiye na aleji yoyote anaweza kuambiwa ana aleji ya vyakula kumi. Kipimo ni kimoja: mlo wa majaribio kwa wiki 8. Zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wenye aleji ya chakula huonyesha nafuu ndani ya muda huo. Wiki 3 hazitoshi, na hapo ndipo wengi huishia.

Nafaka husingiziwa kupita kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta visababishi vikuu kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe kwa asilimia 34, maziwa na bidhaa zake 17, kuku 15, ngano 13. Chakula kilichoandikwa kwamba hakina nafaka lakini kimejaa ng'ombe na kuku hakimsaidii mgonjwa.

Njia rahisi ni chakula maalumu ambacho protini yake imekatwakatwa kiwandani vipande vidogo mno hata kinga ya mwili haivitambui. Ya pili ni protini ambayo mbwa huyu hajawahi kula, pamoja na aina moja ya wanga. Neno muhimu ni "huyu": sungura si protini mpya kwa mbwa aliyeshakula sungura, na bata si wa kuaminika kwa mbwa aliyelelewa na kuku, kwa kuwa protini za ndege hufanana. Chakula cha kupika nyumbani kinafaa kwa wiki 8 kwa mbwa mkubwa, lakini kwa mtoto wa mbwa kinakosa madini, hasa kalsiamu, na kinahitaji kupangwa na daktari.

Jaribio huvunjikia kwenye vitu vidogo. Kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama. Dawa ya meno ya mbwa. Makombo ya mtoto anayekula sakafuni, bakuli la paka, kipande cha jibini cha kufichia kidonge, jirani mwenye huruma. Vyote vihesabiwe kama chakula. Mbwa akiwa na mwasho mkali mwanzoni, anaweza kupewa dawa ya kuutuliza, mradi iachwe mapema kiasi cha kubaki angalau wiki 2 za kumtazama bila dawa.

Akipata nafuu, rudisha chakula cha zamani. Wengi hukataa hatua hii, na inaeleweka: nani anataka kumrudishia mbwa mateso? Lakini bila hiyo hujui kama nafuu ililetwa na chakula, na shampuu, au na msimu wa chavua uliopita. Mwasho ukirudi ndani ya siku 14, umethibitisha. Rudi kwenye mlo wa majaribio, atulie, kisha ongeza kiambato kimoja kimoja kila baada ya wiki 2 mpaka umjue mkosaji. Mwasho usiporudi, chakula hakihusiki na umeokoa fedha za miaka mingi ya vyakula maalumu.

Kinachobaki ni mazingira

Mbwa aliyepita hatua zote hizo na bado anawashwa ana aleji ya utitiri wa vumbi, chavua, ukungu au mchanganyiko wake. Haiponi. Inaendeshwa, kama kisukari kinavyoendeshwa. Vipimo vya ngozi na damu kwa aleji hii vipo, ila kazi yake ni kuchagua viambato vya tiba ya kuuzoesha mwili. Tiba hiyo, ya sindano au ya matone chini ya ulimi, huwasaidia kati ya nusu na theluthi mbili ya mbwa, na inahitaji hadi miezi 12 kabla ya kuhukumiwa. Ndiyo pekee inayobadilisha mwenendo wa ugonjwa badala ya kuficha mwasho.

Dawa za kutuliza zinatofautiana kasi na gharama ya mwili. Prednisoloni ni ya kale, ya bei nafuu na yenye nguvu. Huanza kwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupunguzwa mpaka siku moja ndiyo, moja hapana. Mbwa atakunywa maji mengi, atakojoa mara nyingi na atakuwa na njaa isiyoisha. Ikitumiwa wiki kadhaa haikatizwi ghafla, na haichanganywi na dawa za maumivu za kundi la meloksikamu, maana pamoja hutoboa tumbo.

Oklasitinibu, inayojulikana kwa jina la Apoquel, hutuliza mwasho ndani ya saa 24. Dozi ni miligramu 0.4 hadi 0.6 kwa kilo, mara 2 kwa siku kwa muda usiozidi siku 14, kisha mara 1. Mwasho hurudi kidogo unaposhuka kwenda mara moja. Ni jambo la kutarajiwa, halimaanishi dawa imechoka. Haipewi mbwa wa chini ya miezi 12. Lokivetimabu, yaani Cytopoint, ni sindano inayokamata kemikali ya mwasho iitwayo interleukini 31 na hudumu wiki 4 hadi 8. Inamfaa mzee, mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa nyingine nyingi. Lakini inazuia mwasho zaidi kuliko uvimbe, na sikio lililokwisha kufungana kwa uvimbe litaihitaji steroidi. Siklosporini, miligramu 5 kwa kilo kwa siku, huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuonekana, na siku za mwanzo hutapisha.

Antihistamini za watu zina nguvu ndogo kwa mbwa, na zile zilizochanganywa na dawa ya kufungua pua, kama sudoefedrini, zinaweza kuua. Mafuta ya samaki husaidia kidogo baada ya wiki 8 hadi 12. Ni ya kuongezea, si ya kutegemea.

Sasa turudi sikioni

Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima, kisha hukata kona kuelekea ndani mpaka kwenye kiwambo, yaani ngoma ya sikio. Umbo lake ni la herufi L. Kijiti cha pamba hakiwezi kupita kona. Kinachofanya ni kusukuma nta chini na kuishindilia. Ngozi ya humo ina utaratibu wake wa kujisafisha: seli hutambaa kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, zikibeba nta. Uvimbe huuvunja utaratibu huo, na ndiyo sababu sikio lenye aleji hujaa hata kama mbwa ni msafi.

Uchafu wenyewe una lugha yake. Wa kahawia, wa mafuta, wenye harufu tamu iliyochacha huelekea Malassezia. Mweusi, mkavu, wa chembechembe kama kahawa iliyosagwa ni wa utitiri wa masikioni, hasa kwa mbwa wenye umri mdogo. Wa rangi ya krimu au njano ni wa bakteria wa duara. Wa kijani-njano, wa utelezi, wenye harufu kali pamoja na maumivu na vidonda, shuku bakteria Pseudomonas, mgumu kuliko wote. Hata hivyo rangi inakupa dhana, hadubini inakupa jibu, na dawa ya fangasi haimsumbui Pseudomonas hata kidogo.

Kiwambo kitazamwe kabla ya dawa yoyote kuingia. Kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa na visafishio, ikiwemo klorheksidini, huingia sikio la kati na kuleta uziwi. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayepepesuka, au macho yake yanayocheza kando kwa kando, asitiwe kitu sikioni. Apelekwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo sikio likivimba ghafla kama mto: kutikisa kichwa kumepasua mshipa na damu imejaa ndani ya sikio la nje, ile sehemu unayoishika.

Kusafisha kunahitaji kisafishio cha masikio ya mbwa, pamba ya kawaida na taulo. Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, kwani kimiminika baridi humtia mbwa kizunguzungu na kesho atakukimbia. Vuta sikio la nje juu kuunyoosha mfereji, jaza mpaka kimiminika kionekane, bila ncha ya chupa kugusa ngozi. Sugua shina la sikio, chini kidogo ya tundu, kwa sekunde 30 hadi 60. Ukisikia mlio wa majimaji unafanya sawa. Mwache atikise kichwa, taulo likiwa juu yake. Futa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, mwisho pale kidole kinapoishia. Rudia mpaka pamba itoke na uchafu kidogo.

Dawa iingie sikio likishakauka kidogo, dakika 10 hivi baadaye. Kipimo ndicho kinachokosewa zaidi. Matone matatu yanayomfaa mbwa wa kilo 4 hayafiki hata kwenye kona kwa mbwa wa kilo 35, ambaye anaweza kuhitaji hadi mililita 1 kwa kila sikio. Muulize daktari kiasi kwa mililita na umpe kwa bomba lisilo na sindano. Kama daktari ameweka dawa ya kudumu wiki kadhaa ndani ya sikio, usilisafishe kabisa mpaka akuambie, utaiosha yote. Siki na haidrojeni peroksidi ziache, sikio lenye vidonda linaungua. Wala usinyofoe nywele za ndani kwa mazoea, kwani kila unywele unaong'olewa unaacha jeraha.

Tiba isimame kwa hadubini, si kwa harufu. Harufu huondoka siku ya tano, fangasi hubaki mpaka wiki ya pili au ya tatu. Likiachiwa hivyo mara kwa mara, kuta za mfereji hunenepa, tundu hufungana, na gegedu hugeuka kama mfupa. Hapo kinachobaki ni upasuaji wa kuuondoa mfereji wote.

Sikio likishakuwa safi kwa kipimo, kazi inabadilika badala ya kuisha. Safisha mara 1 kila wiki au kila wiki 2. Kila siku ni kupita kiasi, unyevu wenyewe unaozesha ngozi. Kwa mbwa ambaye aleji yake inajulikana, daktari anaweza kuagiza matone ya steroidi siku 2 kwa wiki, hata sikio likionekana zima, ili uvimbe usipate kuanza. Mpe mwasho wake alama kutoka 0 hadi 10 kila Jumapili na uandike karibu nayo ulichobadilisha wiki hiyo: shampuu, chakula, dozi, mvua. Ukipita mwaka mmoja, karatasi hiyo itakuonyesha miezi yake mibaya, na mwaka unaofuata utaongeza kuogesha na matone wiki 2 kabla haijaanza.